Choya Siku ya Kuanua Matanga

Mimi nina mdomo. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana nimeonewa bure. Mama yangu, kule Mtama, alikuwa akisema siku nikifa watazika mwili tu, mdomo utabaki barazani ukijibizana na watu wa matanga. Nimegombana na wauza samaki, na makondakta, na mawifi zangu wote, na sijutii hata mmoja. Ninayoyajutia ni mawili: neno nililolisema uani Mchinga nikitwanga mpunga, na neno lililokataa kunitoka miaka karibu saba baadaye. Katikati ya hayo mawili kulikuwa na mwanamke, na mtoto wake, na choya.

Choya siku hizi wengine wanaiita rozela. Ukishuka stendi ya Lindi utaiona kwenye ndoo ya barafu, ndani ya chupa za maji zilizokwisha kutumika, nyekundu ya kupendeza, na binti anayeuza atakwambia inaongeza damu. Sijui. Mimi nimeinywa miaka yote hii na damu yangu ni ile ile. Ninachokijua ni kuipanda, kuimenya, kuianika na kuipika, na yote hayo nilifundishwa na mke mwenzangu.

Niliolewa Mchinga mke wa pili. Mume wetu ni fundi seremala, wa vitanda na milango, mtu mpole asiyependa maneno. Bi mkubwa alikuwa mtu wa Kilwa Kivinje, amekaa naye miaka kumi na moja bila mtoto. Mimi nililetwa nizae. Hakuna aliyelitamka, lakini hata kuku wa pale uani walilijua. Nyumba zetu zilitazamana, na katikati palikuwa na jiko moja la makuti, yeye na mafiga yake upande wa ndani, mimi na yangu upande wa mlangoni. Mwaka wa kwanza tulisalimiana tu, basi. Yeye alikuwa akipika kimyakimya, harufu ya iliki imejaa jiko zima, nami nabamiza masufuria ili ajue nipo.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minne. Nilikuwa bado najiuguza tulipoambiwa kwamba bi mkubwa, yule wa miaka kumi na moja, amebeba. Toba! Nilicheka mpaka watu wakadhani nimefurahi. Nikakaa miezi yote ile namtazama anavyoshika kiuno akiinuka, anavyokula udongo kwa kujificha, anavyoficha tumbo kwa kanga mbele yangu kana kwamba jicho langu lingelitoboa. Siku aliyoshikwa na uchungu ilikuwa asubuhi. Wakampakia kwenye bajaji kwenda zahanati, mimi nikabaki uani natwanga mpunga. Kila nilipoinua mchi nilisema, asirudi. Asirudi yeye, asirudi na alichonacho tumboni. Sikuliwaza tu, nililisema kwa sauti, masikio yangu yanasikia, mpaka mpunga ukawa chenga. Saa kumi alasiri bajaji ikarudi na yeye ndani, amepakata mtoto wa kike.

Sikumwomba Mungu msamaha siku ile. Nilikuwa nimemkasirikia na Yeye pia.

Mtoto alikuwa na miezi mitano mama yake alipolala na malaria, hana nguvu hata za kuinua shingo. Mume wetu alikuwa Lindi kununua mbao. Mtoto analia, analia, nami nimekaa kizingitini kwangu nimekunja mikono, najiambia si wangu. Mwishowe nikaenda kwa hasira, nikamchukua kwa hasira, nikamfunga mgongoni kwa hasira. Akanyamaza. Akaweka shavu hapa, chini ya shingo, akalala, na mate yake yakanilowesha gauni. Nikasimama pale uani sijui niende wapi. Kuanzia siku ile sikuwa na ubavu tena wa kumchukia mtu yeyote wa nyumba ile.

Bi mkubwa alipopona hakunishukuru kwa maneno. Alinitafutia kazi. Ilikuwa msimu wa kuvuna, na yeye alikuwa ameizungushia choya mipaka yote ya shamba la ufuta, kimo cha mtu, mashina mekundu, majani kama ya bamia. Akaja mlangoni kwangu na mkeka na ungo, akasema, "Bi mdogo, njoo tumenye."

"Mimi sijui."

"Najua hujui. Nyie watu wa bara mnajua mihogo tu."

Nilitaka kumjibu, nikajikuta nacheka. Tukakaa. Watu wanadhani choya ni ua. Ua lake ni la manjano, linafunguka asubuhi, jioni limekwisha, halina kazi. Kinachochumwa ni lile ganda nene jekundu linalobaki limeikumbatia mbegu. Unalishika, unasukuma mbegu itoke upande wa chini, ganda linabaki mkononi kama kikombe kidogo. Lina vinyweleo vinavyowasha, na baada ya ungo wa tatu vidole vinakuwa vyekundu na vinauma. Yeye alikuwa akimenya kumi mimi nikimenya mbili. Kisha tukaanika kivulini, maana alisema jua kali linaiba rangi na kuacha makapi.

Mpishi kama yule sijamwona tena. Majani machanga ya choya aliyapika na ufuta uliotwangwa, uchachu wake ukakutana na mafuta ya ufuta, ukila unajilamba mpaka kiwiko. Mchuzi wa samaki changu hakuutia ukwaju wala ndimu, aliutia maganda manne matano ya choya mbichi. Nyingine aliipika na sukari mpaka ikanata, tukawa tunapaka kwenye mkate wa kumimina. Chai yake ndiyo iliyokuwa na masharti. Maji yachemke na tangawizi na kijiti cha mdalasini, yateremshwe, ndipo choya itiwe, ifunikwe. Ole wako uichemshe. Ukiichemsha, alisema, unaitoa roho, inabaki uchungu mtupu.

Nami, mjuaji, siku moja nikaamua kumshangaza. Nilimpikia mume wetu mihogo ya nazi, nikafikiri, kama choya inafaa kwenye mchuzi wa samaki, itafaa na huku. Nikaitia kwenye tui jeupe linalochemka. Lo! Tui likakatika papo hapo, mafuta kule, mabonge huku, na rangi yake kama maji yaliyofuliwa kaniki. Bi mkubwa akaja kuchungulia. Alicheka akakaa chini. Alicheka akalala kwenye majivu, mwanamke mzima, miguu juu. "Mwite mume wako aje," akasema, "mwambie leo kuna mihogo ya wino." Tukaila wenyewe, wanawake wawili na mtoto, tukafunga mlango wa jiko mume asijue. Sijapata kula chakula kibaya kwa furaha kiasi kile.

Baada ya hapo nyumba zilibaki mbili lakini jiko likawa moja kweli. Mimba zangu nyingine mbili zikatoka, na mara zote mbili bi mkubwa ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto, bila kusema Mungu atakupa. Nilimpenda kwa kutosema hivyo. Mtoto alikuwa akilala kwangu siku ambazo baba yake yuko kwa mama yake, kisha akawa analala kwangu siku zozote anazotaka. Mama yake alimwita mama, mimi akaniita mama wa huku. Nilimfundisha kufunga vifungo, kujipangusa, kusema shikamoo kabla hajaulizwa. Nikawa natulia. Nilikuwa nimeacha kuhesabu miezi yangu. Nilisema moyoni, basi, huyu ndiye.

Alikuwa amekwisha timiza miaka sita na kuanza darasa la kwanza uvimbe ulipoonekana tumboni mwa mama yake. Hospitali walifanya waliloweza, kisha wakatuambia kwa upole turudi naye nyumbani. Uji haukumpita, maji matupu yalimtapisha. Choya ilipita. Nilikuwa naitengeneza asubuhi kwa masharti yake yote, naiacha ipoe, naichuja kwa kitambaa, natia asali, namlisha kijiko kimoja kimoja. Ikiwa nimekosea alikuwa anakunja uso, hata katika hali ile. "Umezidisha tangawizi," anasema. Siku nyingine anasema, "Leo sawa," nami nafurahi mpaka naona aibu.

Asubuhi moja nikimuosha nilimwambia. Nilikuwa nimelibeba mno. Nikasema, "Dada, siku ile unakwenda kujifungua, nilikuombea usirudi. Wewe na mtoto."

Alifumba macho. Kisha akasema, "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Mchele wote wa wiki ile ulikuwa chenga."

Nikaanza kulia. Akanisubiri nimalize kidogo, akasema, "Hata mimi ulipokuja na begi lako jekundu niliomba gari likupindue kabla hujafika. Niliomba kwa kupiga goti, si kwa kutwanga tu kama wewe." Tukacheka, na kucheka kukamuuma, akajishika tumbo. Akaniambia tumesameheana, yaishe. Akaniambia mtoto akae na mimi, asiwe wa kupokezanapokezana. Kisha, maana hakuweza kukaa muda mrefu bila kufikiri habari ya jiko, akasema, "Na watu wakija kunililia, siku ya kuanua matanga usiwape ile chai ya rangi ya misibani. Wape choya yangu iliyo kwenye kapu. Iwe baridi, na iliki. Waseme marehemu alikuwa anajua kupika."

"Acha uchuro wako," nikamwambia.

"Niahidi."

Nikamwahidi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu nilikuwa namuosha, hakuna aliyetusikia.

Alifariki alasiri ya siku ya sita baada ya hapo. Tulimzika kesho yake asubuhi. Mama yake alifika kutoka Kivinje na watoto wake wawili, kaka na dada wa marehemu. Bibi mwembamba, sauti ndogo, hakupiga kelele hata mara moja, alikaa tu mkekani na kanga ya mwanawe mapajani. Siku ya pili akaniita. Nikapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu alikuwa akinisimulia habari zako kwenye simu. Mjukuu wangu mmempeleka shule hapa, amezoea. Abaki kwako. Mimi nitamwona likizo."

Niliushika mkono wake nikaubusu. Nilikuwa nimeogopa hilo tangu tunatoka makaburini, maana najua, kwa dini yetu, mama akifa mtoto ni wa bibi mzaa mama. Usingizi wa kwanza nilioupata tangu msiba uanze niliupata mchana ule, mtoto kichwa chake kwenye mkono wangu, ganzi imenishika na sitaki kuutoa.

Siku ya tatu, baada ya khitma, ndiyo siku ya kuanua matanga. Watu wanakula, wanaomba dua, mikeka inakunjwa, kila mtu anarudi kwake. Niliamka alfajiri na kapu la marehemu. Choya yote aliyoianika mwenyewe, ya mwisho, niliitia kwenye masufuria mawili makubwa. Sikuichemsha. Nilitia iliki, nikaichuja, nikapima sukari mara tatu. Barafu nilipata kwa jirani mwenye friji. Vikombe vya plastiki vilikuwa vimeisha kwenye chai ya asubuhi, kwa hiyo jirani huyo huyo akanipa bilauri zake za kukodisha, za kioo, zenye ukingo wa dhahabu. Ni za arusini, ndiyo. Naapa sikuziona. Nilikuwa nafikiri jambo moja tu, isiwe chachu mno. Nikaionja mbele ya wanawake wote. Ilikuwa ile ile, ya kwake hasa, hata yeye asingekunja uso. Nikatabasamu.

Wakaniona natabasamu.

Nikatoka na sinia la bilauri nyekundu zinazometameta, barafu inagonga kioo, nikapita kati ya wanawake waliojifunika kanga za msiba. Sasa nikilisimulia nakiona nilichokifanya. Wakati ule niliona tu kwamba mazungumzo yamekatika. Kwetu huku choya ya barafu ni ya Idi na harusi. Msibani ni chai, na hata chai yenyewe hainywewi kwa kufurahia. Na mimi si binti wala dada wa marehemu. Mimi ni mke mwenziwe.

Bibi alipokea bilauri, akaitazama. "Hii nini?"

"Choya, mama."

"Naiona. Nauliza, harusi ya nani?"

Hapo ndipo ningekaa chini. Mtu mwenye akili angekaa chini, akaishika miguu ya bibi, akasimulia polepole. Lakini nilikuwa na siku tatu sijala, na dada wa marehemu nyuma yangu akasema, si kwa kunong'ona, "Kabaki peke yake na mume, kwa nini asisherehekee?" Mdomo wangu ukaniponyoka. Nikasema, "Aliyekufa ndiye aliyeitaka. Asiyeitaka aimwage."

Asiyeitaka aimwage! Kwa mama aliyemzika mwanawe juzi. Mpaka leo nikilikumbuka nasimama nilipo, hata kama ni barabarani. Bibi hakuimwaga. Aliweka bilauri chini taratibu, karibu na ukuta isije ikapigwa teke, akajifunika uso.

Alasiri wakaniita ndani. Alikuwepo mume wetu, kaka wa marehemu, shehe aliyetusomea khitma, na bibi. Mimi nikakaa karibu na mlango. Nilijaribu kueleza habari ya ahadi. Kaka akauliza nani mwingine alisikia. Nikasema hakuna. Akauliza kwa nini jambo kama hilo marehemu asimwambie mama yake, aliyekuwa akiongea naye kwenye simu kila siku. Nilipotaja kwamba tulikuwa tunapendana, nilijisikia mwenyewe ninavyosikika.

Bibi akasema, "Mimi sitaki ugomvi. Mjukuu ni haki yangu, shehe yupo."

"Ni haki yako," shehe akasema. "Na ukiridhia abaki, inafaa vilevile."

"Nitaridhia. Lakini siwezi kulala nikiwa nimemwacha mtoto kwa mtu aliyefurahia kifo cha mama yake. Aape. Ashike msahafu, aseme hajapata hata siku moja kumtakia mwanangu kifo. Akiapa, mtoto ni wake, na mimi nitamwomba radhi hapa hapa kwa niliyomdhania."

Mume wetu akashusha pumzi. Aliona limekwisha. Kuapa tu. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu mazishi, macho mekundu, akanitikisia kichwa, nenda katawadhe.

Sisi watu wa huku wallahi tunaitoa kama salamu. Wallahi samaki ni wa leo, wallahi nilikupigia hukupokea. Mimi mwenyewe nimeitoa mara elfu, na Mungu amezoea. Lakini mkono juu ya msahafu, umetawadha, umeelekea kibla, shehe anakutamkisha, hicho ni kitu kingine. Nilikwenda kwenye mtungi. Nikanawa mikono, kinywa, pua, uso. Nilikuwa nasema, nitaapa. Nilipokuwa naosha miguu bado nilikuwa nasema nitaapa. Nikarudi. Msahafu ulikuwa umewekwa kwenye mto, na shehe akasema, "Sema baada yangu."

Kama bibi angesema niape kwamba sikufurahi, ningeapa kabla hajamaliza. Alisema hata siku moja. Na mimi siku yangu naijua. Naujua uzito wa ule mchi. Nilichokiogopa si moto wa Jahanamu, naomba anayesoma anielewe. Nilisikia tangu utotoni kwamba kiapo cha uongo kinamrudia yule unayeapa kwa ajili yake. Nilimwombea mtoto yule kifo mara moja akiwa tumboni, Mungu akakataa kunisikia. Nikafikiri, nikiapa uongo sasa, atanisikia. Nikamwona na homa. Nikamwona kwenye kitanda cha mama yake.

Ningeweza kusema kweli yote, kwamba nilimtakia kifo, kwamba nilimwambia, kwamba na yeye alinitakia, kwamba tulicheka. Nani angeniamini? Shahidi wa hilo alikuwa kaburini pamoja na ahadi ya choya.

Nikasema, "Siwezi."

Shehe akaufunika msahafu. Bibi hakufurahi kwa kushinda, alianza kulia, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akilia kwa sauti tangu aje. Mume wetu akatazama sakafu. Hajapata kuniuliza, na tumeishi naye miaka yote hii, tunakula pamoja, anapiga misumari yake, na hilo liko katikati yetu mezani. Siku nyingine natamani anipige swali kwa hasira nimjibu kwa hasira, tupumue.

Sijui tena kama nilimlinda mtoto au nilijilinda mwenyewe. Kuna siku nasema nilifanya haki. Kuna siku nasema mwanamke gani huyu, anayemtoa mtoto ili ulimi wake ubaki safi, ulimi ambao haujawahi kuwa safi hata siku moja. Mtoto sasa yuko kidato cha pili, Kilwa. Nampigia Ijumaa. Ananiamkia vizuri, shikamoo, hatujambo, masomo mazuri, hali ya hewa ya huko ni nzuri, kisha anampa bibi yake simu. Bibi ananiuliza habari za mashamba. Choya bado naipanda mipakani mwa ufuta, namenya peke yangu, nachuja, nampelekea mume wetu kikombe kule kwenye mbao zake. Tunaisifu. Hatumtaji aliyetufundisha.

Lililobaki ni la asubuhi ile ya kuondoka, na sijapata kumwambia mtu. Mjomba wake alikuwa amekwisha funga begi nyuma ya pikipiki, bibi ametangulia kituoni na bintiye. Nilimwita mtoto ndani nimvalishe. Alikuwa na gauni la kijani lenye vifungo mgongoni, vile asivyoweza kuvifikia mwenyewe. Alisimama amenipa mgongo.

"Mama wa huku, bibi kasema ungeapa ningebaki."

"Ndiyo."

"Kuapa ndiyo kuweka mkono pale kwenye kitabu?"

"Kuweka mkono na kusema maneno."

"Maneno mengi?"

"Machache."

Nikafunga kifungo, na kingine. Akageuka kunitazama, hana hasira, ananielekeza tu, namna nilivyokuwa nikimwelekeza yeye.

"Basi si ungesema tu," akaniambia.